Mapezi ya mashine ya boti: usitoboe kwanza

*Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya futi 19, nimeinunua mwaka jana pamoja na mashine yake ya nguvu za farasi 40, ile ya kushika mkono. Niko Kilindoni, Mafia. Napeleka barafu kwa wavuvi na kurudi na samaki, na msimu wa papa potwe nabeba wageni. Nikiwa na mzigo omo, yaani pua ya boti, inanyanyuka mpaka sioni mbele, na boti inachelewa sana kupanda maji na kuteleza juu yake. Nikiwa mtupu inapanda, lakini mbio zikikolea inaanza kuitikia, kichwa juu kichwa chini. Duka moja la Dar wameniambia nifunge mapezi ya plastiki kwenye mashine, eti yataondoa yote mawili na mafuta yatapungua theluthi. Nifunge? Na nikifunga, ni lazima nitoboe mashine?*

Marahaba. Kwa sasa usifunge.

Sisemi mapezi ni mabaya. Nimeyafunga kwenye boti za watu miaka mingi na mengine mpaka leo yako baharini, wenyewe wanayasifu. Ila hayo uliyoyaeleza, omo kunyanyuka ukiwa na mzigo na kuitikia ukiwa mtupu, nimeyaona mara nyingi kwenye boti za aina yako, na mara nyingi yameisha bila mtu kununua chochote. Ukifunga pezi kabla ya kukagua, huenda ukapata nafuu. Tatizo ni kwamba hutajua umepona nini, na siku bahari ikichafuka ule ugonjwa wenyewe utakuwa bado umo ndani ya boti.

Kwanza tuelewane pezi linafanya kazi gani. Ukiitazama mashine yako kwa ubavu utaona juu ya propela kuna bamba limelala, pana kidogo, limetokeza nyuma. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu ya maji. Pezi linafungwa kwenye bamba hilo, likiwa kipande kimoja chenye mabawa mawili au mabawa mawili mbalimbali, moja kila upande. Maji yanapopita kwa kasi linanyanyua, kama bawa la ndege hewani. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikinyanyuliwa omo inashuka. Basi, hakuna kingine. Pezi haliongezi nguvu ya mashine wala halipunguzi uzito wa boti.

Nguvu hiyo ya kunyanyua inategemea mwendo, na inategemea mno: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo boti ikitambaa pezi halifanyi kitu. Linaanza kusaidia pale boti inapohangaika kupanda, omo ikiwa juu na tezi imezama kwenye shimo la maji yake yenyewe. Boti ikishapanda na kulala juu ya maji, na mashine ikiwa imefungwa kwa kimo kinachotakiwa, lile bamba linakuwa usawa wa maji na pezi linateleza juu juu. Hapo halisaidii sana wala halizuii sana. Mashine ikiwa chini mno, pezi litabaki limezama muda wote, likinyanyua tezi hata pale ambapo haihitaji kunyanyuliwa. Neno hili la kimo nitalirudia.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi, pengine hawalijui. Pezi linafuata pini. Kwenye mabano ya mashine yako kuna matundu kadhaa ya ile pini inayoamua mguu wa mashine ukae karibu na boti au mbali nayo. Pini ikiwa tundu la karibu na boti, mguu unaingia ndani na ukingo wa nyuma wa bamba unainama chini. Pezi linanyanyua tezi. Pini ikiwa tundu la mbali, mguu unatoka nje na ukingo ule ule unainuka juu. Pezi sasa linaikandamiza tezi na kuinua omo. Umenunua dawa ya kushusha omo, kumbe kwa pini ile inazidi kuipandisha. Nimewahi kuletewa boti ya namna hiyo, mwenyewe ana hasira na pezi, na pezi halina kosa.

Kwa hiyo anza na pini. Zima mashine, inua mguu, angalia iko tundu la ngapi. Kama iko la tatu au la nne kuhesabu kutoka kwenye boti, isogeze tundu moja kuelekea boti, nenda majini, jaribu. Halafu jingine. Ukirudi mtupu boti ikaacha kuitikia kama mjusi, umepata jibu la nusu ya swali lako kwa dakika kumi. Kuitikia kunaanza pale msukumo wa propela unapoinua omo kuliko uzito wa mbele unavyoweza kuishikilia: omo inapanda, inakosa maji ya kuikalia, inaanguka, inapanda tena.

Sasa mzigo. Hebu jihesabie mwenyewe. Mashine ya 40 ina kilo 70 na kitu, nayo inaning'inia nyuma kabisa. Wewe umekaa ubao wa mwisho kwa sababu mkono wa mashine haufiki mbele. Dumu mbili za petroli za lita 25 ni kilo kama 37, na nina hakika ziko miguuni mwako kwa sababu mpira wa mafuta ni mfupi. Ukiwa mtupu, karibu kila chenye uzito kiko mita moja ya mwisho ya boti, ndiyo maana inaitikia. Ukiwa na mzigo, kasha la barafu unaliweka wapi? Wengi wanaliweka katikati kuelekea nyuma ili lisiruke kwenye mawimbi.

Chukua kasha la kilo 100 ulisogeze mbele mita moja na nusu. Pezi lako liko, tuseme, mita mbili na nusu nyuma ya pale boti inapojipima. Ili pezi lifanye kazi sawa na huko kusogeza kasha, lingepaswa kuinua tezi kwa nguvu ya kilo 60 hivi, tena muda wote, hata boti ikiwa polepole, jambo ambalo haliwezi. Kasha linafanya kazi hata ukiwa umesimama. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inakuonyesha wapi penye nguvu.

Basi nunua mpira wa mafuta mrefu zaidi, dumu zihamie mbele ya katikati na uzifunge zisitembee. Kwenye mkono wa mashine unaweza kuongeza mkono wa pili. Wapo wanaochomeka bomba la plastiki gumu wakabana kwa klipu, na zinauzwa fimbo zake maalumu zenye kiungo kinachopinda. Ukisogea mbele hata sentimita 60 utaona tofauti. Ila ukisogea, ile kamba ya kuzimia mashine iwe na urefu wa kukutosha na iwe imefungwa mkononi au kiunoni mwako. Mkono mrefu unamrusha mtu majini kirahisi zaidi kuliko mfupi.

Wazee walisema enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani. Kwa boti yako nalichukua neno hilo kama lilivyo: fungua sakafu utazame ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Maji ya lita 100 yaliyojificha chini ya sakafu ni kilo 100 ambazo hazikai mahali pamoja. Ukiipa mashine moto, omo ikainuka, maji yote yanakimbilia tezi, na boti inazidi kukaa kitako. Ukizima unakuta yamerudi katikati, unasema hayo kidogo tu. Kwa faiba za zamani kuna ubaya zaidi: lile povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu likinywa maji halikauki. Boti iliyotengenezwa nyepesi inakuwa nzito mwaka hadi mwaka na mwenyewe hana habari. Ivute ufukweni, toa kizibo cha nyuma, iache ikiwa imeinamia tezi usiku kucha. Kama asubuhi bado inadondosha, au ukitoboa kitundu kidogo sakafuni na kuingiza waya unatoka umelowa, basi umekuwa ukibeba abiria asiyelipa nauli.

Nimesema nitarudi kwenye kimo cha mashine. Mashine hizi zinakuja na miguu mifupi na mirefu: mfupi ni wa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, yaani sentimita 38, na mrefu ni wa inchi 20, sentimita 51. Mashine nyingi zinazonunuliwa kwa mkono wa pili zinafungwa popote zinapoingia. Chukua fito iliyonyooka, ubao mrefu au bomba la mraba la aluminiamu, iweke chini ya boti ikifuata mstari wa katikati na itokeze nyuma mpaka kwenye mashine, huku mashine ikiwa imesimama wima. Lile bamba la juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa fito au juu yake kidogo, inchi moja hivi. Likiwa chini ya fito kwa sentimita 10 au 12, una mashine ya mguu mrefu kwenye ubao mfupi. Gia boksi yote inakokota majini, mwendo unapotea, mafuta yanaliwa. Hapo ukifunga pezi utakuwa umeongeza kitu kingine cha kukokota ndani ya maji yale yale.

Dawa ni kuinua mashine: kipande cha mbao ngumu juu ya ubao wa tezi, kimeshikwa kwa boliti za kupita hadi upande wa pili, si misumari. Mnyororo wa usalama usiusahau. Inua kidogo kidogo, na kila ukiinua hakikisha mashine inakojoa vizuri, yaani inatoa ule mchirizi wa maji ya kupozea, ukiwa kwenye mwendo na ukiwa kwenye kona. Mkojo ukikatika, au propela ikaanza kuvuta hewa na mashine kulia bila boti kwenda, umepitiliza. Rudi chini hatua moja.

Propela nayo. Tazama ukingo wa makali yake: ukiwa umeliwa na mchanga na mawe ya matumbawe mpaka umekuwa butu, hiyo peke yake inatosha kuifanya boti yenye mzigo ishindwe kupanda. Lakini kitu ambacho wengi hawakiangalii ni bushi ya mpira iliyo ndani ya kitovu cha propela. Mpira huo ndio unaoshika, na ukichoka unateleza pale pale unapoutaka zaidi, yaani unapofungulia moto ukiwa na mzigo. Mashine inalia, boti haisogei, unadhani ni omo. Kuujua si kazi: chukua msumari, kwaruza mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye bushi ya ndani mpaka kwenye mwili wa propela. Nenda safari yako ya kawaida na mzigo. Ukirudi tazama mstari. Ukikuta umekatika, nusu moja iko hapa na nyingine imehamia pale, bushi imekwisha, na hakuna pezi duniani litakalokusaidia.

Kama bushi ni nzima, huenda propela ni ya namba kubwa mno kwa mzigo wako. Boti ilipokuwa ya mtu wa matembezi, propela ya inchi 13 ya hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ilifaa. Wewe unabeba barafu. Kushuka inchi moja ya hatua kunaiongezea mashine mizunguko 150 mpaka 200 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote. Kitabu cha mashine kinasema izunguke kati ya ngapi na ngapi ukiifungulia kabisa na mzigo wako wa kawaida. Vipo visoma mizunguko vidogo vya bei nafuu ambavyo waya wake unauzungushia tu kwenye waya wa plagi. Kipime, usikisie. Kwa mbeba mizigo, nikiambiwa nichague kati ya pezi jipya na propela inayofaa, sifikirii mara mbili.

Mwisho wa ukaguzi, tumbo la boti. Mita moja na nusu ya mwisho ya chini inatakiwa iwe imenyooka kama meza. Weka ubao ulionyooka pale boti ikiwa imepinduliwa au imeinuliwa, tazama mwanga chini yake. Ikiwa imebenuka nje kama tumbo la samaki, boti itaitikia hata usogeze pini na mzigo, na hii ni moja ya hali ambazo pezi linasaidia kweli. Ikiwa imebonyea ndani, omo itakuwa nzito yenyewe. Boti zinazovutwa kila siku juu ya magogo mahali pale pale zinapata kasoro hizi. Na kama chini kumeota majani na makombe, kwangua kabla hujaniuliza lolote. Babu zetu walikuwa wakiviinamisha vyombo, wakavichoma chini kwa makuti na kuvipaka deheni, wala hawakuwa na mashine ya kuokolea mafuta. Faiba usiichome, tafadhali. Nasema kwa sababu nimeona mtu akijaribu.

Ukimaliza haya yote, na naamini hutafika mwisho kabla hujapata nafuu, ndipo tuzungumze mapezi.

Nikueleze kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimfungia nahodha mmoja wa Pangani mapezi, boti karibu sawa na yako. Alikuja na malalamiko kama yako. Nilikuwa na haraka, nikafunga, tukajaribu mtoni, boti ikapanda kama imesukumwa. Alifurahi, nikalipwa. Sikuitazama pini. Mashine ilikuwa tundu la kwanza, karibu kabisa na boti, maana mwenyewe alishajaribu kujitibu kabla ya kuja kwangu. Kwa hiyo boti ilikuwa imemeza dawa mbili za ugonjwa mmoja. Wiki ya pili, kusi, ule upepo wa kusini, imeshika, akawa anarudi kuingia mtoni na mawimbi nyuma yake. Wimbi likaipata tezi ambayo tayari ilikuwa juu, omo ikazama kwenye mgongo wa wimbi la mbele, na kuanzia hapo omo ndiyo iliyoshika usukani, mashine nyuma inafuata tu. Boti ikageuka ubavu. Walilowa, wakapoteza nyavu mbili na kasha la samaki. Watu wote walitoka salama. Alirudi kwangu na spana yake mkononi akaniambia, "Fundi, toa hiki kitu." Nilikitoa bure. Baadaye tuliirudisha pini tundu la tatu, tukasogeza mafuta mbele, na hakuhitaji pezi tena.

Ndiyo maana naogopa zaidi boti inayoshusha omo kuliko inayoinua. Omo juu inakukera na inakula mafuta. Omo chini, mawimbi yakiwa nyuma, inakupindulia boti. Wewe ukirudi Kilindoni na upepo wa nyuma utakutana na hali hiyo hiyo. Ukifunga pezi, safari ya kwanza ya mawimbi ya nyuma nenda bila mzigo na bila wageni, pini iko tundu la katikati, mwendo wa wastani, uone boti inavyoshika njia. Ukihisi mkono wa mashine umekuwa mzito upande mmoja, au omo inatangatanga kushoto na kulia, punguza moto na toa pini tundu moja nje.

Wapi mapezi yanafaa? Boti nyepesi ya kupanda maji, mashine ndogo ya mkono isiyo na kinyanyuzi cha umeme, mtu hana namna ya kusogeza uzito mbele. Hapo yanafanya boti ipande mapema na, hili ndilo faida yake kubwa kwa maoni yangu, ibaki imepanda kwenye mwendo mdogo zaidi. Boti ambayo ilikuwa inaanguka ukishuka chini ya kilometa 26 kwa saa, kwa mfano, inaweza kushikilia mpaka 22 au 23. Siku za bahari chafu, ambapo huwezi kukimbia kwa sababu ya mawimbi, tofauti hiyo ni migongo ya wageni wako. Kama utafika kwenye pezi, lifunge kwa ajili hiyo.

Hayo ya theluthi ya mafuta yaache dukani. Ni kweli kwamba boti inayosafiri nusu imepanda nusu haijapanda inakula mafuta vibaya kuliko hali nyingine yoyote, na kitu chochote kitakachoivusha hapo kitapunguza mafuta, iwe pezi, iwe kasha kusogezwa. Boti iliyokwisha kupanda vizuri, pezi linaongeza mkokoto kidogo, na mwendo wa juu kabisa unaweza kushuka. Na mwenye mashua, dau au ngalawa aliyefunga mashine ya 15 asijisumbue kabisa. Chombo cha namna hiyo hakipandi maji, kinayasukuma. Kikiwa na urefu wa mita 6 kwenye maji, mwendo wake wa asili unakomea karibu kilometa 11 kwa saa, na zaidi ya hapo ni kuchoma petroli. Kwa mwendo huo pezi ni mahali pa kunasia kamba.

Na kunasa kupo. Mabawa yale yanadaka nailoni, nyavu zilizoachwa na kamba za mwani. Mwenzetu anayepita kwenye mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani ayafikirie mara mbili. Vigingi na kamba zile hazimpishi mtu. Wewe mwenyewe unapofika kwenye maji machache na kuinua mashine, kumbuka imekuwa pana kuliko ulivyoizoea.

Kuhusu kutoboa: si lazima. Yapo mapezi yanayobana bamba kwa juu na chini kwa boliti, bila tundu. Ningekuambia uanze na hayo, hata kama yanagharimu zaidi, kwa sababu ukiona hayakufai unayatoa na mashine inabaki kama ilivyokuwa. Angalia tu yawe ya saizi ya mashine yako. Pezi la mashine ya 150 kwenye mashine ya 40 ni usukani wa pili. Mashine ikiwa bado mpya na ina dhamana, usiisogeze drili kabla hujamuuliza aliyekuuzia, maana matundu yanaweza kuivunja dhamana hiyo.

Ukiamua kutoboa, toboa bamba tupu, mbali na ukingo na mbali na mwili wa gia boksi. Weka pezi, piga alama, litoe, tazama tena kutoka chini kabla ya kuwasha drili. Tundu likishatoka, usichomeke boliti hapo hapo. Umeondoa rangi, na aluminiamu iliyo uchi ikikutana na boliti ya stenlesi ndani ya maji ya chumvi inaliwa, aluminiamu ndiyo inayoliwa, si boliti. Utaona unga mweupe ukivimba chini ya rangi, na baada ya misimu kadhaa bamba linavunjika kipande. Paka praima ya aluminiamu ndani ya kila tundu, iache ikauke, weka washa za plastiki, paka grisi ya baharini kwenye boliti, tumia nati zenye mpira ndani. Baada ya safari ya kwanza kaza tena.

Chini ya bamba, nyuma ya propela, kuna kipezi kingine kidogo kilichokuja na mashine. Usikichanganye na haya tunayozungumza. Kile ni cha kurekebisha mkono wa mashine usivute upande mmoja: boti ikivuta kulia, legeza boliti yake na usogeze ncha yake ya nyuma kulia kidogo, kaza. Kwenye mashine nyingi kipezi hicho ndicho pia zinki inayoliwa badala ya gia boksi. Kwa hiyo pezi jipya lisikifunike, lisizuie spana kufika kwenye boliti yake, na mtu asije akakipaka rangi akidhani anakipendezesha.

Jaribio lenyewe lifanye asubuhi maji yakiwa yametulia, mzigo ule ule, mafuta kiasi kile kile. Simu yako ina kipima mwendo cha setilaiti. Andika sekunde ngapi kutoka kufungulia moto mpaka boti ipande. Halafu punguza moto taratibu uone inaanguka kwa mwendo gani. Halafu mwendo wa juu kabisa. Badilisha kitu kimoja, rudia. Ukibadilisha pini, kasha na propela siku moja, jioni utakuwa na boti nzuri usiyojua imekuwaje nzuri.

Na wageni wako wa papa potwe: pale kwenye samaki mnakwenda polepole, na mwendo huo pezi halina kazi, kwa hiyo usilinunue kwa ajili yao. Wapange tu wakae mbele kidogo mnapokwenda na kurudi, kila mmoja na jaketi lake. Idadi isizidi ile iliyoandikwa kwenye cheti chako cha ukaguzi cha TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini. Pezi haliongezi nafasi ya mtu.

Ukishapima niandikie mambo matatu: kimo cha ubao wa tezi, bamba liko wapi ukilinganisha na fito, na namba za propela. Namba zimechongwa kwenye kitovu au kwenye panga mojawapo. Kama zimejaa chumvi, zisugue kwa ndimu na mswaki mbovu zitasomeka.